Gauni la Msumarini

Watu wa ukoo wa mume wangu wakikutana kwenye sherehe, lazima atokee mmoja aulize ni nani alimuuguza mzee wetu pale Mbeya, enzi za Mwingereza, alipopatwa na kifua kikuu. Huyu atasema ni nesi fulani wa Kisangu, yule atasema ni Mzungu, mwingine atasema ni maombi ya kanisa. Mimi nimekaa palepale, sahani ya ndizi mapajani, natafuna. Sifichi kitu. Sijui tu nijibu nini. Nimekuwa bibi mwenye vijukuu, na bado swali lile likiulizwa kichwa kinanizunguka kama siku ile ya dirishani.

Nianze na gauni, maana bila gauni hakuna habari hapa.

Lilikuwa gauni la marekani, kile kitambaa kizito cha pamba ambacho kikichemshwa mara nyingi kinageuka cheupe na kigumu. Mikono mirefu mpaka viganjani, shingo juu, nyuma wazi, unafunga kamba shingoni na kiunoni. Kichwani kofia ya kitambaa inayoshuka mpaka kwenye nyusi, na mdomoni barakoa ya shashi iliyokunjwa mara kadhaa. Mtu akishavaa vyote yanabaki macho tu. Hilo ndilo gauni la kuingilia kwa wagonjwa wa kuambukiza, na nililijua kabla sijajua kupika kwa mume.

Nilifundishwa kulivaa Iringa, katika hospitali ya misheni, na sista mmoja Mzungu aliyezungumza Kiswahili kwa kukikatakata. Upande wa nje ni wa ugonjwa, alisema, na upande wa ndani ni wako. Pale Iringa misumari ilikuwa ndani ya chumba cha mgonjwa, kwa hiyo gauni ulilitundika kama ulivyolivaa, nje ikiwa nje. Nilipohamia Mbeya nikakuta misumari iko kwenye baraza, nje ya chumba, na gauni linatundikwa limegeuzwa, ule upande mchafu umekunjiwa ndani ili usimguse mpita njia. Ukishazoea kimoja, cha pili kinakuchanganya. Wiki zangu za kwanza Mbeya nilikuwa nasimama mbele ya msumari kama mtu aliyesahau nyumba yake, nikijiuliza ni wapi ndani na ni wapi nje.

Yule sista wa Iringa alikuwa na neno lake moja ambalo sikulipenda. Alisema, "Ndani ya gauni hakuna mtu. Kuna mikono tu." Nilinuna siku nzima. Mimi binti wa Kihehe, nimetoka kwa baba na mama, eti hakuna mtu. Nilimwona ana dharau. Sikujua kwamba neno lile lingekuja kunishika shati miaka michache baadaye.

Sasa ndoa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, akisafirisha mizigo kati ya Iringa na Mbeya. Mnyakyusa wa Rungwe, mcheshi, ana meno mazuri na maneno mengi. Alikuja hospitali Iringa na kidole kilichobanwa na mlango wa lori, akaendelea kuja hata kidole kilipopona. Tukafunga ndoa kanisani, nikaomba uhamisho, tukapanga vyumba viwili Mbeya upande wa kwenda Mwanjelwa, wakati huo kukiwa mashamba tu na vibanda vya hapa na pale.

Kwetu Uhehe baba mkwe unampigia magoti, unamsalimia kamwene, unamletea maji ya kunawa, mambo yamekwisha. Basi nilipokwenda Rungwe mara ya kwanza kama mke, nikajiandaa hivyo, na kitambaa kipya kiunoni. Dada wa mume wangu, wifi yangu, akanivuta mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kabla sijaona hata kivuli cha mzee. Akaniambia nisahau magoti. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hawatazamani usoni, hawaketi nyumba moja, mke hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mke anaacha njia na kuingia migombani, akijifunika, mpaka mzee apite. Na si mpaka mzoeane, hapana, ni siku zote. Kanisa lilikuwa limelegeza mengi, lakini hili lilikaa vilevile.

Nikamuuliza, sasa nitajuaje kwamba anakuja? Wifi akacheka. Atakohoa, alisema. Mkwe mwenye heshima hamfumanii mke wa mwanawe. Anakohoa tangu mbali, wewe unajiondoa, kila mtu anabaki na utu wake.

Na kweli alikohoa. Kila tulipokwenda Rungwe nilimjua baba mkwe wangu kwa kikohozi. Nikiwa jikoni namenya ndizi nasikia kikohozi kule mtoni, na hapo wifi ananisukuma, haya, toka, nami nashika kitenge kichwani na kukimbilia migombani kama mwizi. Mzee anaingia, anakaa, anakunywa maji yake, anakohoa tena akiondoka, narudi kwenye ndizi zangu. Mara ya kwanza nililia kwa hasira. Nilihisi kama nina ukoma. Mume wangu akanibembeleza, akasema mimi sikuelewa, kwamba mzee akinikoholea ndivyo ananisalimu. Sikuelewa kweli. Nilifuata tu.

Mwaka uliofuata kikohozi kile kikaanza tangu mbali zaidi. Mzee alikohoa tangu kilimani kwenye mibuni yake, akakohoa njia nzima, akakohoa mlangoni, akakohoa ndani. Wanawake wa pale wakamsifu. Wifi aliniambia kwa fahari kwamba nimepata mkwe wa kupigiwa mfano, mzee anayeogopa kumkwaza mkamwana wake kiasi kile. Nami, mbumbumbu wa mila za watu, nikaona moyo unalainika. Nikasema moyoni, angalau ananiheshimu.

Uso wake sikuwa nimewahi kuuona. Naye wangu hakuuona.

Nirudi hospitali. Pale Mbeya, mwisho wa baraza, kulikuwa na vyumba vya wagonjwa wa kutengwa. Vyumba vya wanaume alivihudumia muuguzi mmoja wa kiume, tuliyemwita dresa, lakini mvua zilipoanza alichukuliwa kwenda vijijini kuchanja watu ndui, na sista mkuu, Mwingereza mrefu asiyependa maswali, akanipa mimi kazi yake. Asubuhi yangu ya kwanza chumba cha mwisho kilikuwa na mgonjwa mpya. Alikuwa ameletwa kwa gari kutoka zahanati ya Tukuyu, mwembamba, macho yamezama, anakohoa kikohozi kilichojaa maji na kutema damu kwenye kopo. Majina yalibaki kwa karani getini. Wodini tuliita watu kwa vyumba na vitanda, kwa hiyo kwangu alikuwa mzee wa chumba cha mwisho.

Ile dawa mpya ya sindano ilikuwa imefika. Inachomwa takoni kila siku, kwa miezi, na ukikatiza ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Sista alinieleza hilo mara mbili, akasema mzee huyu amechelewa, akitoka kitandani kabla ya dawa kwisha tutamzika. Basi kila asubuhi nilivaa gauni, nikamgeuza mzee ubavu, nikamfunua, nikamchoma, nikamsugua. Nikamwosha mgongo. Nikamlisha uji alipokuwa hawezi kushika kijiko. Alikuwa mgonjwa mpole, haombi kitu. Mimi nami sikuzungumza sana, maana barakoa ikilowa inakera, na Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuchekesha watoto.

Alianza kupata nafuu. Damu ikakata, akaanza kuketi.

Siku hiyo nimemaliza sindano. Mzee amelala ubavu, nguo bado imepanda, mimi nimeshika bomba la sindano mkononi. Nikasikia mtu anaita kwa sauti ya chini dirishani, kwa Kinyakyusa, baba, umeamkaje. Nikageuka. Nje ya dirisha alisimama wifi yangu, kikapu cha ndizi kichwani.

Aliniangalia, akanisalimu kwa heshima kama unavyomsalimu nesi usiyemjua, akarudi kumtazama mzee. Hakunitambua. Atanitambuaje, na macho tu? Mzee akavuta nguo, akamjibu mwanawe vizuri tu. Mimi nikabaki nimesimama kati yao na sindano yangu. Nilijua nilichokisikia, nikajaribu kukisikia vingine. Labda amwita baba kwa heshima ya utu uzima. Labda ni baba mdogo. Jamani, mtu aweza kufikiri upuuzi mwingi kwa muda mfupi.

Nikatoka. Nikafungua kamba, nikavua gauni, nikaligeuza vibaya, nikalitundika upande mchafu ukiwa nje, kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu nihamie Mbeya. Nikanawa kwenye beseni la dawa mpaka vidole vikauma. Kisha nikazunguka nyuma ya jengo nikiwa na uso wangu.

Wifi aliponiona alifurahi, akaanza kueleza kwamba alipita nyumbani akanikosa, kwamba baba aliletwa wakati kaka yuko safari ya Iringa, kwamba ana taabu. Halafu akatazama baraza, akatazama mikono yangu iliyokuwa bado inanuka dawa. Akaweka kikapu chini.

"Ni wewe uliyekuwa mle?"

"Ni mimi."

"Umemgusa?"

"Kila siku, wifi."

"Wapi?"

Nilijigusa tu pale sindano inapochomwa. Wifi yangu alikaa chini kwenye majani mabichi kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Nikadhani atanitukana. Akaanza kucheka, cheko lile baya la kukosa pa kushika, halafu likageuka kilio, nami nikakaa karibu naye na sare yangu nyeupe kwenye matope.

Alipopata sauti aliniuliza kitu kingine kabisa. Aliuliza ugonjwa huu unaanzaje. Nikamwambia unaanza kwa kikohozi, kikohozi kisichokwisha, cha miezi. Nilipolisema tu, tukatazamana. Sikuhitaji kuendelea. Mzee alikuwa amekohoa tangu kilimani, njia nzima, mpaka ndani, nasi tulimsifu. Mimi nesi niliyesomeshwa dalili za kifua kikuu, kila nikisikia dalili nilijifunika kitenge nikakimbia. Wifi alipigapiga paja lake akirudia, kwa sauti ndogo, tulisema ni heshima, tulisema ni heshima. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Halafu tukakumbuka la mbele yetu. Wifi alimjua baba yake. Alisema mzee akijua ni mkamwana wake aliyemfunua, hatapiga kelele wala hatamlaumu mtu. Atafunga kibindo chake ainuke, arudi Rungwe hata kwa miguu, na hatarudi hapa tena. Na mimi nilijua dawa ikikatizwa itakuwaje. Kwa hiyo tulikubaliana asijue. Wifi akaondoka na kikapu chake akiwa ameshakisahau na kukirudia mara mbili.

Nilimfuata sista mkuu nikamwomba anitoe chumba kile. Nilimweleza kwamba yule ni baba wa mume wangu. Akasema vizuri sana, basi utamwangalia vema zaidi. Nikamweleza kwamba kwao hatuonani. Akauliza kama tumegombana. Nikasema hapana, ni heshima. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa hesabu isiyo na jibu, akasema dresa akirudi atanibadilisha, na dresa hakurudi mvua zile.

Mume wangu aliporudi kutoka Iringa, alikokwama na lori wiki kadhaa kwa ajili ya mvua, na gunia la vitunguu vya Ilula mgongoni, nilimweleza kabla hajalitua. Alizunguka chumba. Akauliza kama mzee ameniona uso, nikasema hajaniona. Akauliza kama mimi nimemwona, nikasema nimeona kila kitu. Akakaa, akainuka, akasema basi labda si kosa, maana aliyemshika hakuwa mke wa mtu, alikuwa nesi. Nikamuuliza, nikirudi nyumbani huyo nesi anabaki wapi? Akasema anabaki kwenye gauni. Nikamwambia asiniletee masihara. Akaapa si masihara, hata yeye hajui anachosema.

Ndipo neno la yule sista wa Iringa likanirudia. Ndani ya gauni hakuna mtu, kuna mikono tu. Lile neno nililolichukia, sasa nililiomba liwe kweli. Nikiwa navaa asubuhi nilijiambia, haya, mtu abaki msumarini, mikono iingie. Lakini mikono ilijua. Tangu siku ya dirishani ilianza kutetemeka, nikawa namchoma mzee vibaya, sindano inaingia pembeni, naye anavumilia. Kabla sijajua nilikuwa nesi mzuri. Baada ya kujua sikuwa nesi mzuri wala mkamwana mwema. Nilikuwa nini? Niliuliza hivyo hata kwenye maombi.

Mume wangu alikwenda hospitali kumwamkia baba yake. Aliporudi alikuwa kama anayetafakari. Mzee alimuuliza yule wa nguo nyeupe ni mtu wa wapi. Yeye, asitake kumdanganya baba yake, akajibu ni mtu wa Iringa. Mzee akasema mikono yake siku hizi ina wasiwasi, aambiwe asiogope. Basi. Wakaendelea na habari za mibuni.

Nilimgombeza mume wangu vibaya sana. Kwa nini useme Iringa? Ungesema Songea, ungesema Tabora! Yeye akasema mabinti wa Iringa ni wengi. Ni kweli ni wengi, lakini aliyeolewa na mwanawe ni mmoja, na mzee hakuwa mjinga. Nilikwenda kazini siku iliyofuata nikiwa na hakika nitakuta kitanda kitupu.

Nilivaa gauni pale barazani. Mkono wangu ulipokuwa unafika kwenye kitasa, nikasikia kikohozi.

Hakikuwa kile cha maji. Kifua chake kilikuwa kimeshakauka, siku nyingi hakukohoa. Hiki kilikuwa kifupi, kikavu, cha kukusudia, kilekile cha mtoni. Miguu yangu ikageuka yenyewe, nusura niruke baraza nikajifiche. Nikajizuia. Nikasimama nje ya mlango na trei yangu, dawa ipo, mgonjwa yupo, na nimekoholewa. Nifanye nini? Ananiambia nitoke? Ananiambia anajua? Au koo lilimwasha tu, kama koo la mtu yeyote?

Nikafungua mlango. Mzee alikuwa amegeukia ukutani, blanketi amelivuta mpaka juu ya kichwa, amejifunika uso wote. Na chini, kiunoni, alikuwa amejifunua mwenyewe, tayari kwa sindano.

Nikachoma. Mkono haukutetemeka, sijui kwa nini. Nikatoka. Ikawa hivyo kila asubuhi. Kikohozi kimoja mlangoni, blanketi kichwani, sindano, natoka. Wifi alisema hajui, ni mazoea ya mwili wake tu. Mume wangu alisema anajua. Jioni moja walibishana nyumbani kwetu mpaka chai ikapoa, nami niliyekuwa mle chumbani sikuweza kumsaidia hata mmoja.

Mvua za Machi zilikuwa mbaya. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukakaa mjini, nguo hazikauki. Asubuhi moja magauni yote yalikuwa kwenye kamba, yanachuruzika. Sista mkuu akaniambia niingie na aproni tu, na barakoa, dirisha wazi, nifanye haraka. Nikasema siingii. Akasema ni amri. Nikasema, sista, nifukuze kazi, bila gauni siingii mle. Sikuwahi kumjibu Mzungu hivyo. Kisha nikaenda kwenye kamba, nikachukua gauni lililolowa, nikalikamua, nikalivaa. Baridi ya Mbeya mnaijua. Lilinigandia mwilini kama ngozi ya samaki, nikaingia meno yanagongana, nikasikia kikohozi changu cha mlangoni, nikachoma sindano.

Mchana sista aliwaita wauguzi wote akanisimamisha mbele. Akasema huyu ndiye mfano, anaelewa hatari ya vijidudu, yuko tayari avae gauni bichi kuliko kuvunja sheria ya kujikinga. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kwa aibu. Vijidudu sikuvifikiria hata kidogo siku ile.

Dawa zikaisha. Makohozi yalipopimwa yakaonekana safi, na daktari akasema chumba cha mwisho sasa hakina haja ya gauni, mzee si wa kuambukiza tena, kesho aende nyumbani. Kila mtu alifurahi. Mimi nilifurahi pia, halafu nikatambua kwamba kesho nitakuwa na uso.

Asubuhi ile wifi alikuwa getini anasubiri na mume wangu na lori. Mimi nilikuwa na sare tu. Gauni la chumba cha mwisho, lile nililolizoea kuliko nguo zangu, lilikuwa bado msumarini, limegeuzwa inavyopasa, likingoja kuchemshwa kwa mara ya mwisho. Nilikuwa nakwenda kulichukua. Nikiwa hatua chache tu, mlango haujafunguka, nikasikia kikohozi.

Safari hii sikusimama kujiuliza. Niliingia stoo ya mashuka, iliyokuwa mkabala, nikavuta mlango ukabaki ufa. Nilijifunika kichwa na shuka la hospitali. Nesi mzima.

Mzee akatoka. Alikuwa na koti lake, kifurushi chake na fimbo, amenenepa kidogo usoni, uso niliokuwa nimeushika nikiulisha uji. Hakutazama kulia wala kushoto. Alitembea mpaka kwenye msumari, akasimama mbele ya gauni. Akavua kofia. Akazungumza nalo, tena kwa Kiswahili, polepole, kile Kiswahili chetu cha bara, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike na aliye chumba cha pili.

"Mwanangu, mimi naenda. Umenitunza vizuri." Akangoja, kama anayempa mwenzake nafasi ya kuitikia. "Pale mjini anakaa mke wa mtoto wangu. Ukimwona, mwambie nikija kwao nitakohoa kama zamani. Asishtuke. Itakuwa kumsalimia tu, siyo ugonjwa."

Akavaa kofia, akaenda zake getini. Nilisikia lori likiwaka. Nikalia ndani ya lile shuka, nikalilowesha, ikabidi nalo lipelekwe kufuliwa.

Aliishi miaka mingi baadaye, mzee yule. Akija kwetu Mbeya alikohoa tangu kwenye mti wa njia panda, nami nilichukua kitenge nikatoka kwa mlango wa nyuma. Lakini sikukimbia tena. Nilisimama kwanza jikoni nikasikiliza mpaka mwisho, kama kimejaa au kikavu. Kikavu. Ndipo nikatoka.